Kabla ya kuzamisha jiko la gesi kwenye meza, panga njia ya hewa

Jiko la gesi la kuweka mezani huwa na miguu minne mifupi. Wengi huiona kama kitu cha kuzuia jiko lisiteleze. Kazi yake kubwa ni nyingine: miguu hiyo huinua jiko ili hewa ipite chini yake na kuingia kwenye moto.

Siku hizi watu wengi wanapenda jiko likae sawasawa na uso wa meza. Fundi anakata tundu kwenye mbao au zege, jiko linashuka ndani, mtungi unafichwa kwenye kabati chini yake, na jikoni panapendeza. Sufuria inakaa chini kidogo, kusonga ugali kunakuwa rahisi, na kusafisha hakusumbui. Ni matengenezo yenye faida. Lakini jiko likishashuka, mambo mawili hubadilika papo hapo: njia ya hewa inayoulisha moto, na mahali gesi itakapokwenda ikivuja. Fundi asipoyafikiria hayo mawili kabla ya kushika msumeno, meza nzuri inaweza kugeuka hatari ndani ya nyumba.

Jambo hili linagusa watu wengi zaidi kila mwaka. Tanzania, kwa mfano, ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Familia nyingi zilizozoea mafiga na mkaa zinaingiza mtungi wa gesi ndani kwa mara ya kwanza. Katika makala haya tunaeleza jinsi jiko la gesi linavyofanya kazi, makosa yanayotokea linapozamishwa, na namna ya kulizamisha kwa usalama.

Jinsi jiko linavyovuta hewa

Ukifungua swichi ya jiko, gesi hutoka kwenye kitundu chembamba sana cha shaba ambacho mafundi hukiita nozeli. Inatoka kwa kasi na kuingia kwenye bomba fupi linaloelekea pale moto unapowaka. Kasi hiyo huvuta hewa kutoka chini na pembeni mwa jiko. Gesi na hewa huchanganyika ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye moto.

Mchanganyiko ukiwa sawa, moto huwa wa bluu, mfupi na mtulivu. Hewa ikipungua, moto hurefuka, huwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria. Masizi hayo ni gesi uliyoinunua kwa fedha yako na haikuungua vizuri. Kubaya zaidi, moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ukiona wapishi wawili au watatu wanaugua hivyo wakiwa jikoni na wanapata nafuu wakitoka nje, usikimbilie kusema ni malaria. Zima jiko, toeni watu wote nje, na nendeni kituo cha afya.

Je, moto unahitaji hewa kiasi gani? Kuunguza kilo moja ya gesi ya mtungi kunahitaji mita za ujazo kati ya 12 na 13 za hewa. Chukua jiko dogo la nyumbani lenye upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na nusu, na kimo cha mita 2.4. Hewa yote iliyomo humo ni mita za ujazo 12. Yaani kilo moja tu ya gesi inahitaji hewa ya chumba kizima, na moto huanza kuharibika mapema kabla hewa hiyo haijaisha. Ndiyo maana dirisha la jikoni au tundu la kudumu ukutani ni sehemu ya jiko lenyewe.

Gesi ya mtungi hushuka chini

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Zote mbili ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani mara mbili hivi. Ikivuja haipandi kwenye dari kama moshi. Inateremka kama maji, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye mashimo, kwenye mfereji wa maji machafu na kwenye kabati lililofungwa.

Usiichanganye na gesi asilia inayochimbwa Songosongo na Mtwara. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa na ikivuja hupanda juu. Kwa hiyo ushauri wa fundi aliyezoea gesi ya bomba hauwezi kufuatwa wote kwenye jikoni la mtungi.

Hesabu moja inaonyesha kwa nini kabati ni mahali pa kuogopa. Ndani ya mtungi gesi imebanwa hadi ikawa majimaji. Ikitoka, inavimba na kuchukua nafasi takribani mara 250. Sasa chukua kabati la chini ya meza lenye urefu wa mita 1, kina cha nusu mita na kimo cha sentimita 40. Ndani yake mna lita 200 za hewa. Kijiko kimoja kikubwa cha gesi ya majimaji kikivuja humo kinatoa karibu lita 4 za gesi, ambazo ni asilimia 2 ya hewa ya kabati hilo. Gesi ya mtungi huanza kuweza kulipuka inapofika karibu na asilimia hiyo hiyo 2. Kijiko kimoja tu, na mtungi mdogo wa kilo 6 una mamia ya vijiko hivyo.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua imetiwa makusudi ili mtu aigundue mapema. Lakini gesi iliyotulia chini ya kabati lenye mlango mzito inaweza kuchelewa kufika puani. Mtu anakuja kufungua kabati huku jiko linawaka juu, na hapo ndipo ajali hutokea.

Magari-nyumba yanatufundisha nini

Wapo watu waliolazimika kulifikiria tatizo hili kuliko wengine: wanaotengeneza magari-nyumba. Haya ni magari yanayotumiwa sana Ulaya na Marekani kwa safari ndefu, yenye kitanda, meza na jiko ndani. Jikoni mwake ni padogo kuliko kibanda cha chipsi, na watu wanalala hatua mbili kutoka kwenye mtungi. Karibu kila mara jiko lake limezamishwa mezani na lina kifuniko, ili upishi ukiisha mtu apate meza ya kukatia mboga au kulia chakula.

Barani Ulaya kuna viwango maalumu vya gesi kwenye magari hayo, kimojawapo kikiitwa EN 1949. Ukiondoa lugha ya kitaalamu, mambo yanayohimizwa ni manne.

Kwanza, mtungi hukaa kwenye chumba chake chenye mlango unaofungukia nje ya gari, kilichozibwa kabisa kisipeleke gesi ndani. Pili, sakafu ya chumba hicho ina tundu la kudumu, ili gesi ikivuja iangukie nje. Tatu, sehemu wanamokaa watu ina matundu ya hewa, ya chini na ya juu, yasiyoweza kufungwa. Nne, kila moto una kifaa cha kuhisi joto. Upepo ukizima moto, kifaa hicho hukata gesi chenyewe baada ya muda mfupi.

Wenye magari hayo hupenda kurekebisha jikoni mwao. Wengine hushusha jiko zaidi ili kifuniko kilale sawa na meza, wengine huongeza rafu chini yake. Kishawishi kikubwa ni kuziba yale matundu ya sakafuni kwa sababu yanapitisha baridi, vumbi na panya. Kishawishi hicho hicho kipo kwetu: tundu la ukutani huingiza panya, mende, hata nyoka, basi mtu analiziba kwa tambara. Dawa ni moja kwa wote. Weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, usafishe vumbi mara kwa mara, na tundu libaki wazi.

Njia mbili za kushusha jiko

Njia rahisi na salama kwa jiko lenye miguu ni kushusha meza na kuliacha jiko kama lilivyo. Fundi anajenga meza yenye sehemu mbili. Sehemu kubwa ni ya kawaida, na sehemu ya jiko inakuwa chini yake kwa kiasi cha kimo cha jiko. Jiko linasimama kwa miguu yake, mbele pakiwa wazi kabisa, na pembeni pakiwa na nafasi ya kupitisha vidole vya mkono. Swichi zake, ambazo kwa majiko haya huwa upande wa mbele, zinabaki zinafikika. Ukitazama kutoka mlangoni utaona jiko liko sawa na meza, lakini hewa inapita chini yake kama zamani.

Kosa la kawaida ni kulichukua jiko hilo hilo la miguu na kulitumbukiza kwenye tundu lililolibana pande zote. Hewa inakosa njia, swichi zinazama na kupata joto, na siku mafuta yakishika moto mtu hawezi kufikia swichi kwa haraka. Vilevile, usijengee boksi mtungi mdogo wenye jiko juu yake. Mtungi huo umeundwa kukaa wazi, na joto linalorudi chini likifungiwa linaupasha.

Njia ya pili ni kununua jiko lililotengenezwa kwa ajili ya kuzamishwa. Utalitambua kwa sababu halina miguu, swichi zake ziko juu, na lina ukingo unaoning'inia kwenye meza. Kitabu chake kinaeleza vipimo vya tundu. Pima kwanza kwenye boksi la karatasi ngumu, likate, uliweke jiko juu yake uone linavyokaa, ndipo uchore kwenye meza. Tundu likizidi, jiko litashikiliwa na ukingo mwembamba na mchuzi utapenya chini.

Kama meza ni ya zege, mwulize fundi nondo zimepita wapi. Kukata nondo katikati kunaweza kuidhoofisha meza nzima, hasa pale sufuria kubwa ya makande inapowekwa. Kama meza ni ya mbao, paka vanishi ndani ya ukingo uliokatwa isinywe maji, kisha uufunike kwa bati jembamba. Mbao za viwandani zilizotengenezwa kwa unga wa mbao huvimba haraka zikilowa.

Chini ya jiko usiweke droo wala rafu inayogusa tumbo la jiko. Acha nafasi ya hewa isiyopungua urefu wa kiganja. Juu ya jiko, vitabu vingi vya majiko hutaka kabati au rafu iwe umbali wa sentimita 65 hadi 75. Pazia lisiwe karibu kabisa, na nyumba yenye dari ya makuti au mifuko inahitaji tahadhari zaidi ya hapo.

Ukitaka kifuniko cha kugeuza jiko kuwa meza, kitumie jiko likiwa limezimwa, mtungi umefungwa, na vyuma vimepoa. Kifuniko cha kioo kikifunikwa juu ya chuma cha moto kinaweza kupasuka, na cha mbao kinaweza kuungua polepole bila mtu kujua.

Mtungi ukae wapi

Mahali pazuri ni nje, umesimama wima, kwenye kivuli, ndani ya kizimba chenye nafasi za hewa na kufuli. Mpira uwe ule wa gesi, wenye maandishi na tarehe yake. Ukipita ukutani, upitishe ndani ya kipande cha bomba usikwaruzwe na zege. Kwa kawaida mpira usizidi mita moja na nusu. Umbali ukizidi hapo, fundi wa gesi aweke bomba la chuma au shaba.

Kama hakuna budi mtungi ukae kwenye kabati la jikoni, usikae chini ya jiko lenyewe. Mpe kabati lake pembeni, lenye matundu mawili yanayotoka nje: moja usawa wa sakafu ya kabati, jingine karibu na juu. Kila moja lisipungue ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa. Hakikisha tundu la chini halifungukii kwenye shimo, mfereji au mahali jirani anapowasha mkaa. Kama ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu yako, gesi haitapanda kutoka. Hapo mtungi hauna budi kukaa nje.

Kumbuka pia regulata, kile kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtungi. Gesi ya ndani ina nguvu makumi ya mara kuliko inayohitajiwa na jiko. Regulata ya jiko la nyumbani huipunguza hadi milibari 30 hivi, sawa na uzito wa maji yenye kina cha sentimita 30 ndani ya ndoo. Regulata za majiko makubwa ya biashara hupitisha nguvu zaidi. Usiziazime kwa jiko la nyumbani.

Tahadhari kwa jiko la mtumba

Majiko mengi ya kuzamisha huingia sokoni yakiwa yametumika Ulaya. Mengi ya hayo yalikuwa yanatumia gesi asilia ya bomba, na nozeli zake zina tundu kubwa kuliko linalotakiwa kwa gesi ya mtungi. Ukiliunganisha vilevile, moto utakuwa mrefu, wa njano, wenye masizi mengi. Mwulize muuzaji kama nozeli zimebadilishwa, na fundi azikague kabla hujalipa. Kutoboa nozeli kwa sindano ili "kuongeza moto" ni kuharibu kipimo chake.

Jaribu kabla ya kupika

Kazi ikiisha, usimruhusu fundi aondoke kabla ya majaribio matatu.

La kwanza ni la uvujaji. Zima swichi zote za jiko, fungua mtungi, kisha paka povu la sabuni kwenye regulata, kwenye mpira wote na kwenye viungo. Povu likitoa mapovu yanayokua, kuna uvujaji. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti.

La pili ni la hewa. Washa moto zote kwa nguvu, funga milango ya kabati kama utakavyokuwa unafunga siku zote, na usubiri dakika 10. Moto ukibaki wa bluu, vizuri. Ukigeuka njano, fungua kabati. Kama unarudi kuwa bluu, jibu umelipata: jiko linakosa hewa chini, na matundu hayatoshi.

La tatu ni la joto. Baada ya dakika 20 za kupika, gusa mbao za pembeni na chini ya jiko. Kama huwezi kuacha mkono hapo, jiko liko karibu mno na mbao.

Ukisikia harufu ya gesi

Funga mtungi kama unaufikia. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala kuzima taa, kwa sababu swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Kama kuna jiko la mkaa, kibatari au sigara karibu, kiwe mbali. Toa watu nje, wazee na watoto kwanza, na upige simu ukiwa umeshafika mbali na nyumba. Tanzania, namba ya Zimamoto ni 114. Kenya, piga 999 au 112. Usirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa, na usiwashe jiko mpaka fundi aone palipovuja.

Ukimwita fundi wiki hii akukatie meza, mwulize maswali mawili kabla hajaanza: hewa ya moto itaingia wapi, na gesi ikivuja itatokea wapi? Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha kwa kidole. Asiyeweza kukuonyesha, mwambie aweke msumeno chini kwanza.